Handaki Huchimbwa Kwanza kwa Maneno

Miongoni mwa dhana zilizokita mizizi katika fikra za wasomi wetu ni ile isemayo kwamba uhandisi hauna lugha. Daraja ni daraja, reli ni reli, na hesabu za mhandisi, husemwa, hazibadiliki ziandikwe kwa Kiingereza au kwa Kichina. Kutokana na dhana hiyo huzaliwa nyingine iliyo mbaya zaidi: kwamba mwananchi hana haja ya kuelezwa mradi kwa lugha aijuayo, maadamu siku moja garimoshi litafika naye atapanda. Nanuia katika makala haya kuipinga dhana hiyo, na ushahidi wangu nitautoa mahali ambapo wahandisi wenyewe hupaheshimu, yaani katika handaki la reli ya mwendokasi linalopita chini ya milima ya Alps huko Gotthard, nchini Uswisi.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, kwani mimi ni mwalimu wa isimu na kila fundi huanza na chombo chake. Handaki tulilipata katika Kiarabu, ambamo khandaq ni shimo refu lichimbwalo kuuzingira mji ili kumzuia adui. Waliosoma historia ya Uislamu wanavikumbuka Vita vya Handaki vilivyopiganwa Madina mnamo mwaka 627. Baadaye neno hilo likawafaa askari waliojificha ardhini, na hatimaye likapanuka maana hata kuwa njia inayotoboa mlima. Reli ni ya Mwingereza. Gari limetoka Bara Hindi. Moshi ni wetu wa asili ya Kibantu. Tuliyaunganisha haya mawili ya mwisho tukapata garimoshi, na jina hilo tungali nalo hata pale ambapo chombo chenyewe kinakwenda kwa umeme na hakitoi hata chembe ya moshi. Nalo neno mwendokasi, ambalo limeenea vinywani mwa wakazi wa Dar es Salaam, limeundwa kwa maneno mawili ambayo mtoto wa shule ya msingi anayafahamu. Nayataja haya mapema kwa sababu nitayahitaji mbele ya safari.

Handaki la Gotthard lina urefu wa kilomita 57.1, na hadi leo hakuna handaki jingine la reli duniani lililolipita kwa urefu. Kwa hakika ni mahandaki mawili yanayokwenda sambamba, kila moja likiwa na njia moja ya reli, na yameunganishwa kwa vijia takriban kila baada ya mita 325 ili abiria wakipatwa na ajali waweze kukimbilia upande wa pili. Ukijumlisha mashimo yote yaliyochimbwa, pamoja na yale ya kupitishia hewa na wafanyakazi, unapata zaidi ya kilomita 150. Lilizinduliwa tarehe 1 Juni 2016, na magarimoshi ya abiria yakaanza kulipita kwa ratiba ya kawaida mwezi Desemba mwaka huo. Limejengwa kuhimili mwendo wa kilomita 250 kwa saa.

Siri ya mwendo huo haimo katika injini pekee bali katika kimo. Njia ya kale ya Gotthard, iliyofunguliwa mwaka 1882, hupanda mlima kwanza, kisha huingia katika handaki lililo mita 1,151 juu ya usawa wa bahari. Ili kupanda, reli hiyo hujizungusha ndani ya mlima kama nyoka, kiasi kwamba abiria apitaye kijiji cha Wassen huliona kanisa lile lile mara tatu, kila mara akiwa katika kimo tofauti. Handaki jipya halipandi. Mahali pake pa juu kabisa ni mita 549 tu. Garimoshi linalokwenda kasi halipendi mlima wala kona, nalo lenye mzigo mzito halipendi zaidi. Kwa hiyo wahandisi waliamua kupita chini kabisa, mahali mlima ulipokalia. Mjerumani, Mfaransa na Mwitaliano, kila mmoja kwa lugha yake, huliita handaki la msingi. Mimi naliita handaki la kitako, kama vile tusemavyo kitako cha chungu, na sidhani kuna mpishi katika nchi hii atakayeshindwa kunielewa.

Turudi nyuma kidogo kwenye handaki lile la kale, maana ndilo linalotuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya mwananchi kuulizwa. Uchimbaji wake, wa kilomita 15 kutoka Göschenen, ambako husemwa Kijerumani, hadi Airolo, ambako husemwa Kiitaliano, ulianza mwaka 1872. Mwanakandarasi wake, Louis Favre wa Geneva, alitia sahihi mkataba wenye adhabu kali endapo angechelewa. Uzito wa mkataba huo ulibebwa na vibarua, wengi wao wakiwa Waitaliano waliohama kwao kwa ajili ya umaskini. Mwaka 1875 vibarua wa Göschenen walisimamisha kazi wakilalamikia moshi wa baruti na malipo duni. Walijibiwa kwa risasi, na wanne wakauawa. Ndani ya handaki wengi waliambukizwa minyoo ya safura, ugonjwa uliowafanya wakauke damu huku waganga wakihangaika kuutafutia jina. Favre mwenyewe alifia humo handakini mwaka 1879, miezi michache kabla ya pande mbili za wachimbaji kukutana. Wafanyakazi wapatao 200 walipoteza maisha, mbali na wale waliorudi makwao wakiwa wagonjwa. Handaki lilikamilika na nchi ikajivunia, lakini aliyetaka kuuliza swali hakuwa na mahali pa kuliulizia.

Wazo la handaki la kitako lilichorwa na mhandisi Eduard Gruner mwaka 1947. Lilikaa katika makabrasha kwa miongo kadhaa, likijadiliwa, likiahirishwa na kufufuliwa tena. Serikali ilipokuwa tayari kulitekeleza, haikuweza kuwaita wanakandarasi na kuwakabidhi mlima. Katiba ya Uswisi inawaruhusu raia, wakikusanya sahihi 50,000 katika muda wa siku 100, kudai kwamba sheria iliyopitishwa na bunge ipelekwe kwa wapiga kura. Ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 27 Septemba 1992 wananchi walipiga kura, na asilimia 63.6 wakaukubali mpango wa reli mpya za kupita chini ya Alps. Mpango huo ulikuwa na njia mbili, Gotthard na Lötschberg, na mojawapo ya sababu za kuwa na mbili ni kwamba watu wa magharibi, wakiwemo wasemao Kifaransa, wasingekubali kulipia njia inayowafaidi wengine peke yao.

Hayo hayakuwa mwisho. Mwaka 1994 wananchi walikubali, kwa asilimia 51.9, pendekezo la kuilinda milima ya Alps kwa kuihamisha mizigo ya kupita nchini kutoka barabarani hadi relini. Serikali na bunge walikuwa wamewashauri walikatae, hawakulikataa. Septemba 1998 waliulizwa kama malori makubwa yatozwe ada kulingana na uzito na masafa, asilimia 57.2 wakasema ndiyo, ingawa wenye malori walipinga kwa nguvu zao zote. Novemba mwaka huo huo wakaulizwa kuhusu mfuko wa fedha, wa faranga bilioni 30 na ushei, za kugharamia miradi mikubwa ya reli, asilimia 63.5 wakaidhinisha. Kwa miaka sita, basi, raia waliitwa mara nne kusema neno lao juu ya handaki moja na mambo yanayolizunguka: lijengwe au lisijengwe, kwa sababu gani, na nani alipe.

Hapa ndipo isimu inapoingia, na naomba walimu wenzangu wanisikilize kwa makini. Kabla ya kila kura ya namna hiyo, kila mpiga kura hupelekewa nyumbani kijitabu cha serikali chenye maelezo ya jambo linaloamuliwa, hoja za wanaolitaka na hoja za wanaolipinga. Siku hizi kijitabu hicho hutolewa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi. Lugha hii ya mwisho husemwa na watu wachache mno, wasiofika hata mmoja katika kila raia mia. Hata hivyo, ilitambuliwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1938, na mwaka 1996 wapiga kura wakaipa hadhi ya kutumiwa na serikali kuu katika kuwasiliana na wasemaji wake. Na ilivyo ni kwamba kijiji cha Sedrun, kilicho juu ya sehemu ya kati ya handaki letu, ni kijiji cha Waromanshi. Wahandisi waliuita mwamba wa eneo hilo kwa jina la Kijerumani, Tavetsch. Wenyeji bonde lao hulita Tujetsch.

Msomaji anaweza kuuliza: je, kijitabu kinachimba mwamba? La, hakichimbi. Lakini kinafanya kazi ambayo mashine haiwezi. Mtaalamu anapozungumza na mtaalamu mwenzake, wote wawili wanaweza kujificha nyuma ya istilahi. Anapolazimika kumweleza mfugaji wa ng'ombe, kwa lugha ya mfugaji huyo, ni kwa nini handaki lipite hapa wala si pale, litagharimu kiasi gani na itakuwaje mwamba ukigoma, hana pa kujificha. Huna budi kulielewa jambo mwenyewe kabla ya kulieleza kwa lugha nyepesi. Tafsiri ni mtihani wa mpango. Mradi usioelezeka kwa lugha ya anayeulipia una kasoro, na aghalabu kasoro hiyo haimo katika lugha.

Tuchukue mfano wa Piora. Katika njia ya handaki palikuwa na tabaka la mwamba wa aina ya dolomiti ambao wanajiolojia waliuogopa kuliko sehemu nyingine zote, kwani mahali pengine ulikuwa umemeng'enyeka na kuwa chembechembe kama sukari, huku umejaa maji yenye shinikizo kubwa. Mchimbaji akilitoboa tabaka la namna hiyo, maji na mchanga humfurikia handakini. Swali lilikuwa rahisi kutamkwa na gumu kujibiwa: je, mwamba huo wa sukari unafika chini hadi kwenye kimo cha handaki? Wapinzani wa mradi waliliuliza hadharani, na lilipoulizwa hadharani halikuweza kufukiwa. Likachimbwa handaki dogo la uchunguzi kutoka upande wa kusini, karibu na Faido. Mwaka 1996 kekee ya uchunguzi ilipoligusa tabaka hilo, maji na mchanga vilifumka kwa nguvu, na hofu ikawa bayana. Wahandisi hawakusema kwamba Mungu atasaidia. Walitoboa matundu mengine marefu ya mshazari kuelekea chini zaidi, na kufikia mwaka 1998 ilijulikana kwamba kwenye kimo cha handaki mwamba ulikuwa mkavu na mgumu. Miaka kumi baadaye, mwaka 2008, mashine ya kuchimba ilipita Piora bila tabu.

Fikiri, ndugu msomaji, ingekuwaje kama swali lile lingezimwa kwa kisingizio kwamba raia hawaelewi jiolojia. Na halikuwa swali la pekee. Mwaka 1978 bwawa la Zeuzier, katika nchi hiyo hiyo, lilipata nyufa na kujipinda kwa sababu handaki la uchunguzi wa barabara, lililokuwa mbali nalo, liliyakausha maji ndani ya mwamba, na ardhi ikadidimia. Juu ya njia ya Gotthard yapo mabwawa matatu: Nalps, Curnera na Santa Maria. Kwa sababu ya funzo la Zeuzier, vipimo viliwekwa milimani miaka mingi kabla, vikichungua hata mwendo wa milimita chache. Ukiishi chini ya bwawa, kujua habari hizo kwa lugha yako si anasa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kustaajabisha. Ili kuharakisha, mlima ulishambuliwa kutoka sehemu tano kwa wakati mmoja. Huko Sedrun wachimbaji waliteremshwa kwa kina cha mita 800 wima, kisha wakaanza kuchimba kwenda kaskazini na kusini. Juu ya baadhi ya sehemu kulikuwa na mwamba wa unene upatao mita 2,300, na joto la mwamba lilifikia nyuzi 46, ikabidi hewa ipozwe hadi nyuzi 28 ili binadamu waweze kufanya kazi. Katika mwamba laini wa Tavetsch, ambao ulitaka kulifumba shimo kila lilipofunguliwa, walitumia baruti na matao ya chuma yaliyoundwa yaweze kusinyaa bila kuvunjika. Kwingineko walitumia mashine nne kubwa zenye kipenyo cha zaidi ya mita 8, nao wachimbaji wakazipa majina ya kike: Gabi wa kwanza na wa pili, Sissi na Heidi. Vifusi vilivyotolewa vilikuwa tani milioni 28.2. Pande mbili zilipokutana tarehe 15 Oktoba 2010, zilikuwa zimepishana kwa sentimita 8 tu kwa upana na sentimita 1 kwa kimo.

Nisije nikaonekana kwamba nawasifu Waswisi kupita kiasi, na niyataje pia yaliyowashinda. Wafanyakazi tisa walifariki katika ujenzi huo, na mmoja wao alitoka barani Afrika, nchini Afrika Kusini. Tisa si 200, lakini tisa ni tisa. Gharama iliongezeka hata ikafika faranga bilioni 12 na ushei. Watu wa Sedrun walitamani shimo lao la mita 800 liwekewe lifti na kuwa kituo cha abiria, wakakiita Porta Alpina. Mwaka 2006 wapiga kura wa jimbo lao la Graubünden wakakubali kulichangia, ila mwaka uliofuata mpango ukasimamishwa, na mwaka 2012 ukaachwa kabisa kwa kuwa garimoshi linalosimama humo lingeyachelewesha mengine na gharama ilikuwa kubwa. Magari yanapita chini ya nyayo zao bila kusimama. Na tarehe 10 Agosti 2023 garimoshi la mizigo liliacha reli ndani ya handaki kutokana na gurudumu lililovunjika, likaharibu njia kwa kilomita kadhaa. Hakuna aliyeumia, lakini handaki halikurejea katika hali yake kamili hadi Septemba 2024. Kura haizuii gurudumu kuvunjika. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba kila hasara kati ya hizi ina maelezo yaliyoandikwa, ambayo mlipa kodi anaweza kuyasoma na kuyapinga.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu. Ya kwanza ni kwamba Uswisi ni nchi tajiri. Naam, ni tajiri. Lakini handaki lao liligharimu zaidi ya faranga milioni 200 kwa kila kilomita, na sijamwona mhasibu atakayenishawishi kwamba uchapishaji wa kijitabu ni mzigo ukilinganishwa na gharama hiyo. Tena maskini ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kuuliza, kwani akikosea hana akiba ya kurekebishia. Hoja ya pili ni kwamba mashauriano huchelewesha maendeleo. Hapa najibu kwa neno moja: Piora. Muda uliotumiwa kuuliza ulikuwa sehemu ya ujenzi, sawa na ule uliotumiwa kuchimba.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa kama mwanaisimu. Husemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kubebea mambo kama haya. Msomaji aliyenifuata hadi hapa amepitia habari za mwamba, kimo, shinikizo, bwawa, matao, vifusi na kekee, na sidhani amekwama. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Tanzania, ambako reli ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza kubeba abiria mwaka 2024, ikipita katika mahandaki ya milima ya Kilosa, hotuba za bajeti ya uchukuzi husomwa bungeni kwa Kiswahili, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba mlima ulikataa kutobolewa kwa sababu hiyo. Sisemi kwamba lugha peke yake ni dawa. Mtu anaweza kudanganywa kwa Kiswahili fasaha. Ila akidanganywa kwa lugha yake ana nafasi ya kugundua. Akidanganywa kwa lugha asiyoijua, hata hiyo nafasi hana.

Na sisi je? Tunalo handaki letu, la Ngong, lenye urefu wa takriban kilomita 4.5, lililochimbwa kwa ajili ya reli ya kutoka Nairobi hadi Naivasha iliyofunguliwa mwaka 2019. Si la mwendokasi kama lile la Gotthard, lakini ni kazi kubwa kwa kipimo chochote, na tunalilipia kwa mkopo. Nawauliza walimu: ni wanafunzi wangapi katika shule zenu wanaoweza kueleza, kwa lugha yoyote, ni kwa nini reli ile ilipitishwa chini ya vilima vya Ngong? Mikataba ya mikopo ya reli yetu ilikaa gizani kwa miaka. Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilianza kazi mwaka 2017. Ni mwezi Novemba 2022 ambapo Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, Bw Kipchumba Murkomen, alipoweka hadharani sehemu ya mikataba hiyo, nayo ilikuwa kwa Kiingereza cha mawakili. Maji yakimwagika hayazoleki.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haina upungufu katika jambo hili. Kifungu cha 7 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 kinadai uwazi katika matumizi ya fedha za umma. Vifungu hivi huhubiriwa kimoja kimoja, kana kwamba havijuani. Visomwe pamoja! Haki ya kupata habari kwa lugha usiyoielewa ni kama ufunguo usioingia kufulini: umepewa, lakini mlango ungali umefungwa.

Napendekeza basi mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, kila mradi wa miundombinu unaogharimiwa kwa mkopo wa taifa utolewe maelezo mafupi kwa Kiswahili kabla ya mkataba kutiwa sahihi, yenye hoja za wanaouunga mkono na za wanaoupinga. Pili, idara za Kiswahili na isimu katika vyuo vikuu vyetu ziketi pamoja na idara za uhandisi, ziunde na kusanifisha istilahi zinazohitajika. Maneno mengi tayari yapo. Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya. Tatu, na hili halihitaji ruhusa ya waziri yeyote, walimu wa shule za upili wayaingize mambo haya darasani. Tunafundisha isimujamii, na wanafunzi wetu wanaweza kuchambua sajili ya matatu, ya hospitali na ya mahakama. Mbona tusiwafundishe sajili ya mkataba: zabuni, dhamana, riba, fidia, muda wa kulipa? Katika darasa langu niliwahi kuwataka wanafunzi waandike muhtasari wa maneno mia mbili kueleza handaki la reli ni nini na huchimbwaje. Waliolalamika kwamba Kiswahili hakitoshi walikuja kugundua kwamba walichokosa ni maarifa ya mahandaki. Walipoyapata, maneno yakaja.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoitenga siku hiyo mwaka 2021, tunakisherehekea Kiswahili kwa mashairi, ngoma na hotuba. Sina ugomvi na mashairi. Nimeyafundisha na nitaendelea kuyafundisha. Lakini lugha inayosifiwa jukwaani na kufungiwa nje ya chumba cha mikataba imepewa kilemba cha ukoka. Asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo. Katika mambo ya reli na mahandaki lazima tuongeze kwamba asiyeuliza ndiye atakayelipa, na watoto wake watalipa baada yake. Tuwape lugha ya kuulizia tungali na wakati.